Jalada la gemu ni kama kanga: likikosa mji, hakuna anayesimama

JEDDAH. Usiku mmoja baada ya chakula, mtoto wa kaka yangu alinisogezea simu yake akaniuliza, "Shangazi, hapa unaona nini?" Nikavaa miwani, nikaivua, nikaivaa tena. Kwenye kioo palikuwa na kipicha kidogo kuliko stempu, kimejaa rangi ya kahawia. Nikamwambia kweli yangu: "Mwanangu, mimi naona mchuzi."

Baba yake akaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Kile kipicha kilikuwa jalada la gemu aliyoitengeneza peke yake kwa miaka miwili, usiku, akitoka kazini. Mchana ni mhasibu katika ofisi moja hapa Jeddah. Gemu inahusu kijana anayepewa sanduku la marehemu babu yake, alitoe Lamu alifikishe Jeddah kwa jahazi. Anangoja kusi, anafika Aden, anaingia Bahari ya Sham, na kila bandari anajua jambo jipya kuhusu huyo babu. Nimeicheza kwa kusaidiwa, maana vidole vyangu si vya kazi hiyo, na wallahi ilinitoa machozi mahali fulani karibu na Aden. Jina lake silitaji, maana hili si tangazo.

Ukurasa wake katika duka la Steam ulikuwa umefunguliwa miezi mitatu. Walioiweka kwenye orodha ya matamanio, yaani wale wanaosema "ikitoka nijulisheni", wangeenea basi moja na viti vikabaki. Kaka yangu alikwisha kutoa hukumu: miaka miwili imepotea bure, bora mtoto angemaliza mitihani yake ya uhasibu. Kijana naye alijiwekea mpaka: mambo yasipobadilika kabla ya mwaka kwisha, ataufunga ukurasa. Baba na mwana wakawa wanasalimiana tu, mazungumzo hakuna. Nami niliyekuja kutoka Riyadh kwa binti yangu, nipumzike wiki mbili nipate upepo wa bahari, nikajikuta katikati yao.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Gemu siijui. Lakini swali la kwa nini mtoto anatazama na haoni, hilo nimelala nalo na kuamka nalo miaka mingi darasani. Basi tukakaa nalo.

Soko limejaa

Wazazi wengi wa kwetu hapa Ghuba bado tunahesabu gemu kuwa upotevu wa wakati. Saudia yenyewe haihesabu hivyo. Septemba 2022 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa michezo ya kielektroniki, ukilenga ajira 39,000 na mchango wa riali bilioni 50 katika pato la nchi ifikapo 2030. Mwaka 2023 kampuni ya Savvy ya Riyadh, iliyo chini ya Mfuko wa Uwekezaji wa Umma, iliinunua kampuni ya Marekani ya Scopely kwa dola bilioni 4.9. Julai na Agosti 2024 Riyadh iliandaa Kombe la Dunia la michezo hiyo, kwa zawadi zilizopita dola milioni 60.

Wajukuu zangu wa Riyadh walinipeleka Boulevard City nikayaona mabango ya gemu, marefu kama nyumba ya ghorofa. Bango la namna ile hata ulijaze watu mia, kila mtu ataonekana. Mtengenezaji anayejitegemea hana bango. Ana kipicha tu.

Tena kipicha hicho hakiko peke yake. Steam inamtoza mtengenezaji dola 100 kwa kila gemu, kiasi cha riali 375, na kwa kuwa mlango ni mwepesi, wanaoingia ni wengi. Mwaka 2024 gemu zilizotolewa pale zilizidi 18,000. Gawa kwa siku za mwaka utapata karibu 50 kila siku. Mnunuzi anapitisha kidole, picha zinapita kama watu stesheni. Uzuri wa hadithi, muziki, usiku ulizokesha, vyote viko nyuma ya mlango. Asiposimama mlangoni, hatavijua.

Somo la Sista

Nilisoma sekondari shule ya misheni, ya masista. Sista aliyetufundisha kuchora alikuwa na tabia moja. Ukimpelekea kazi yako, haitazami mkononi. Anaibandika ukutani, anarudi nyuma hadi mlangoni, anafumba macho nusu, kisha anakuuliza wewe mwenyewe: "Kutoka hapa, ni nini?" Ukianza kueleza, anatikisa kichwa. Picha inayohitaji maelezo haijamalizika.

Baadaye nilipofundisha nikalichukua somo lile kwa chati zangu za ukutani. Mtoto wa dawati la mbele ataona kila kitu. Chati inachorwa kwa ajili ya mtoto wa dawati la nyuma.

Kwa hiyo nikamwambia kijana: lichukue jalada lako, liweke kwenye kompyuta katikati ya majalada mengine ishirini ya duka hilo hilo, kwa ukubwa ule ule anaouona mnunuzi. Halafu twende mlangoni kwa jikoni, tufumbe macho nusu.

Majalada mengine manne au matano yaliruka. Moja lilikuwa na jicho jekundu tu. Jingine lilikuwa na kijumba cheupe kwenye theluji. La kwetu lilizama. Ukurasa wa Steam una rangi ya samawati iliyokoza karibu na weusi, na kahawia juu yake ni kama nguo ya kiza ndani ya kiza.

Tukasogea kulihesabu. Juu ya jalada alikuwamo kijana, babu yake, sanduku, jahazi mbili, mnara wa msikiti, nyumba za Al-Balad na roshani zake, mwezi, ramani ya zamani, na jina la maneno manne kwa herufi nyembamba za dhahabu. Kila kimoja kina maana yake na mahali pake ndani ya gemu. Nilimwelewa. Alikuwa anaogopa kuacha kitu. Ni ugonjwa wa mwalimu mpya, anayetaka kufundisha kitabu kizima kipindi cha kwanza.

Pindo, mji na jina

Hapo nikaenda chumbani nikatoa kanga yangu, nikaitandika kwenye kochi.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linaizunguka, linakwambia hapa ndipo nguo inapoanza na kuisha. Mji ndio ule mchoro wa katikati: embe, korosho, ua, chochote, lakini kitu kinachotawala. Jina ni maneno machache, yanakaa mahali pamoja, na yanasomeka. Ukipita mtaa wa Biashara, Mombasa, kanga zimetundikwa milangoni kwa mamia. Mwanamke yuko ng'ambo ya barabara, ana haraka, jua linawaka. Kinachomsimamisha ni mji. Akisogea, anasoma jina. Akiishika, ndipo anaanza kuona vidoti na vijani vilivyojazwa pembeni. Kila hatua ina chakula chake.

"Sasa wewe," nikamwambia, "kanga yako ina miji minane."

Kazi ya usiku ule ikawa kuchagua mji mmoja. Si kazi nyepesi. Alitaka babu, kwa sababu yeye ndiye moyo wa hadithi. Lakini uso wa mzee, ukiwa mdogo, unafanana na uso wa mzee yeyote. Alitaka Al-Balad. Nami naipenda mno: nyumba zile za mawe ya matumbawe ni ndugu wa nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, na zote tatu ziko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, Zanzibar tangu 2000, Lamu 2001, Jeddah 2014. Lakini nyumba nyingi zikipunguzwa zinakuwa vijiboksi. Mwisho tukabaki na tanga la jahazi. Pembe tatu moja kubwa, nyeupe, mbele ya anga jekundu la magharibi. Hata ukilipunguza likawa kama ukucha, utaliona ni tanga. Kijana na sanduku lake wakakaa chini, wadogo, wa kugunduliwa na atakayesogea.

Kuna jambo la vipimo ambalo vijana wengi huliruka. Duka halitaki picha moja. Picha ya juu ya ukurasa wa Steam ni pikseli 920 kwa 430. Ile ndogo inatengenezwa 462 kwa 174, na kwenye orodha huonyeshwa ndogo zaidi ya hapo. Ya kusimama ni 748 kwa 896. Ya maktaba ya mnunuzi ni 600 kwa 900. Kwa simu, Google Play inataka alama ya 512 kwa 512 na picha pana ya 1024 kwa 500. Kijana wetu alikuwa amechora moja, akaibana iingie kwenye zote. Ndiyo maana ikawa mchuzi. Kila kipimo kinahitaji kupangwa upya: kwenye ile ndogo kabisa acha jina lijaze karibu nafasi yote, na mchoro ubaki kidokezo tu.

Jina lisomeke, na lisomeke sawasawa

Jina la maneno manne likakatwa likawa neno moja, na maneno mengine yakawa jina dogo la chini, linaloonekana kwenye picha kubwa peke yake. Herufi zikanenepeshwa.

Jina peke yake linaweza kuwa ndoano. Studio ya Semaphore ya Riyadh ilipotoa gemu yake ya Unearthed mwaka 2013, ililiongezea jina la Ibn Battuta. Mwarabu akiliona anajua mara moja ni safari. Na sisi wa pwani tungepaswa kulijua zaidi, maana mtu yule aliwahi kupanda chombo hapa hapa Jeddah, na mnamo 1331 akafika Mombasa na Kilwa. Njia ya gemu ya kijana wetu ni njia ile ile, kwa kurudi.

Lakini hapo nikakuta kosa lililonitia haya kwa niaba yake. Alikuwa ameandaa jalada la Kiarabu pia, jambo la busara, kwa sababu maduka haya yanakuruhusu kuweka picha tofauti kwa kila lugha. Programu aliyotumia haikujua kuunganisha herufi. Jina likatoka limekatika katika, alif peke yake, lam peke yake, tena limeanza kushoto. Wanaoujua mwandiko wa Kiarabu wataliona kosa hilo kabla hawajaona picha. Mtoto aliyezaliwa Jeddah anakuja kwao na jalada la namna hiyo! Ushauri wangu kwa wazazi: kabla kijana hajapakia picha yenye Kiarabu, mtu anayekisoma aitazame. Na picha yenyewe ipangwe upya, kwa sababu msomaji wa Kiarabu jicho lake linaanzia kulia.

Jalada lisiseme uongo

Wakati ule wa kukata tamaa, kijana alikuwa amejaribu njia ya mkato. Aliiomba programu ya akili mnemba imchoree jahazi. Picha ikaja inang'aa, ya kuvutia, naye akaipenda. Akamwonyesha mama yake, akaipenda. Mimi nikauliza upepo unatoka wapi, maana tanga moja lilikuwa limejaa kuelekea omo na jingine limejaa kuelekea tezi. Chombo kilikuwa na mizinga ubavuni. Lile halikuwa jahazi, ilikuwa manowari ya Mreno imevishwa kanzu.

Mtu atasema, mnunuzi wa Canada atajua nini? Pengine asijue. Lakini gemu hii inauza kitu kimoja, kwamba aliyeitengeneza anaijua bahari hii. Ukianza na jahazi la uongo mlangoni, umekwisha kulivunja neno lako. Na Steam tangu Januari 2024 inamtaka mtengenezaji aeleze kama ametumia akili mnemba, na maelezo hayo mnunuzi anayaona.

Historia ya gemu ina mifano. Mega Man ilipoletwa Marekani mwaka 1987, jalada lilionyesha mtu mzima wa manjano na samawati ameshika bastola, wakati ndani ya gemu ni roboti mdogo wa samawati ambaye silaha yake ni mkono wenyewe. Mpaka leo watu wanalicheka. Mfano wa Ico wa 2001 ni wa kusikitisha zaidi. Japani na Ulaya ilipata jalada lililochorwa na mwongozaji wake mwenyewe, Fumito Ueda: watoto wawili wadogo wanakimbia kwenye uwanja mpana wenye vivuli virefu. Picha ile ina ukimya, na gemu nayo ina ukimya. Marekani ikapewa jalada jingine, uso mkubwa mbele kama filamu ya bei rahisi. Miaka baadaye Yasuhide Kobayashi, mmoja wa wakuu wa Sony Japani, alisema hadharani kwamba jalada lile lilichangia gemu kutouzika vizuri huko.

Na kuna mfano wa karibu na nyumbani. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitengeneza kutokana na msiba wa baba yake. Unaweza kuicheza ukiwasikia wahusika wakisema Kiswahili. Shujaa wake ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Moto na baridi, rangi mbili, basi. Mambo yaliyo ndani ni mengi, lakini sura ya kwanza unayopewa ni ya kushikika. Hiyo ndiyo adabu ninayoisema: kuchagua kimoja cha kweli, na kukiamini.

Mlipeni mchoraji, na mwandikiane

Kijana ni mtu wa kuandika programu, mkono wake wa kuchora ni wa wastani. Nikamwambia hata mshonaji huenda kwa kinyozi. Akampata mchoraji Mombasa, binti hodari, wakakubaliana bei. Mimi nikasimamia jambo moja tu, waandikiane. Atachora nini, vipimo vipi, marekebisho mara ngapi, fedha zinalipwa lini, picha ni mali ya nani baada ya malipo, na je, jina la mchoraji litatajwa. Na muhimu: akabidhi faili lenye tabaka zake, si picha iliyokwisha kubandikwa pamoja, kwa sababu bila tabaka huwezi kulisogeza tanga ukapata kipimo kingine. Tumezoea kusema "sisi ni ndugu, hakuna haja ya karatasi". Karatasi ndiyo inayolinda undugu.

Halafu someni masharti ya duka. Tangu tarehe 1 Septemba 2022, Steam hairuhusu juu ya majalada haya ya dukani kitu chochote zaidi ya mchoro wa gemu, jina lake na jina lake dogo. Nyota, sifa za wahakiki, maneno ya punguzo, vyote marufuku. Utepe wetu wa "Imetengenezwa Jeddah" ukatolewa. Utakaa kwenye maelezo ya ukurasa, huko unaruhusiwa.

Foromali

Mchoro wa kwanza ulifika siku mbili kabla sijarudi Riyadh. Tuliufungua ukiwa mdogo kwanza, kama tulivyokubaliana, tukaenda mlangoni kwa jikoni. Tanga lilionekana. Mke wa kaka yangu, aliyekuwa anaosha vyombo, akageuka akasema, "Jahazi hilo." Hakuna aliyemuuliza.

Ndipo kaka yangu aliyekuwa anasoma habari zake kwenye kochi, mtu aliyeapa hataki kuiona gemu hiyo tena, akanyanyua macho. Akatazama. Akatazama tena.

"Foromali haikai hivyo," akasema.

Kijana akanyamaza.

"Huo mti unaobeba tanga. Mmeulaza mno. Ukiulaza hivyo na kusi hii, mnazama kabla ya Mogadishu. Lete karatasi."

Kaka yangu utoto wake ulipita kwenye fungu la majahazi, akibeba maji ya mabaharia kwa senti chache. Mwanawe hakuwa anajua nusu ya hayo. Walikaa mezani mpaka saa sita usiku, baba anachora mlingoti, foromali na demani kwa kalamu ya wino, mwana anauliza. Mimi nikaenda kulala.

Jalada jipya limepanda wiki tano sasa. Kijana ananitumia hesabu: katika kila mia wanaokiona kipicha, wanaoingia ndani wameongezeka. Si hesabu ya kutajirika, na ukurasa haujafungwa.

Jana usiku kaka yangu alinipigia simu hapa Riyadh. Hakunijulia hali kwanza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Lile basi limejaa," akasema. "Wengine wamesimama."